Direkta Aliyetaka Majogoo Tupu

Direkta wetu mpya alipewa kituo cha kuku kama mtu anavyopewa baiskeli ya marehemu: hakuuliza inaendeshwaje, alipanda tu. Kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa nyimbo na ngoma za Chama pale Bukavu mjini, na sikatai, kwa kukata kiuno hakuwa na mpinzani. Lakini kuku! Kuku alimjua akiwa ameshaiva, yuko kwenye sahani, pilipili pembeni. Siku ya kwanza alizunguka mabanda yetu yote, huko barabara ya Kavumu, leso puani, abakosti, ile suti ya Chama isiyo na tai, imepigwa pasi mpaka unaogopa kuisogelea, kisha akatuuliza kwa nini majike ni mengi hivi. Nani angemjibu? Tulipiga makofi. Enzi zile za Zaïre tulipiga makofi kwanza, maswali yakaja baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haikufika.

Mimi nilikuwa msaidizi wa labo, maabara ya kituo, binti wa miaka ishirini na miwili, mwenye ulimi mrefu. Papa, baba yangu, alikuwa mchanjaji wa kuku katika kituo hicho hicho, na ndiye aliyeniombea kazi. Alianza kuchanja kabla sijazaliwa. Alibeba chanjo ndani ya thermos yenye barafu, kwapani, na hakumkabidhi mtu thermos ile hata akienda msalani. Tone moja katika jicho la kifaranga. Halafu anangoja. Hakushika kifaranga cha pili mpaka cha kwanza kipepese jicho, ndipo ajue tone limeingia. Wenzake walimcheka, walisema Muzee anasalimiana na kuku. Wacheke tu. Miaka yote ya papa, ile pesti ya kuku, inayopindua shingo na kumaliza kijiji kizima kwa wiki moja, haikuwahi kukanyaga mabanda yetu.

Alikuwa na dhambi moja, na nitaitaja sasa hivi ili msiseme nilimficha kwa kuwa ni baba yangu. Chanjo ikishafunguliwa hailali. Sheria ya kituo ilisema matone yanayobaki jioni yamwagwe shimoni. Papa hakuweza. Alikuwa na uwezo wa kufunga Kwaresima nzima bila kulalamika, lakini kumwaga matone mazuri shimoni, hapana. Akayabeba na thermos yake mpaka kwetu Kadutu, akawatia machoni vifaranga wa mama na wa majirani, bure kabisa. Kila mtu kituoni alijua.

Kabla ya Direkta huyu, labo ilikuwa ya muzungu mmoja mtafiti, mrefu, asiyejua kufunga kamba za viatu vyake. Muzungu yule alikuwa amevuka bahari kwa ajili ya kitu kimoja tu: kifuko kidogo kinachokaa ndani ya kifaranga, nyuma kabisa, juu ya tundu la kutolea uchafu. Alikuwa na picha yake imechorwa vizuri sana katika kitabu. Siku moja akaipeleka jikoni kuwaonyesha wamama wanaosafisha kuku wa kupelekwa hotelini. Mama mkubwa wa jiko, mjane mnene, mpole, akafuta mikono na kuitazama.

"Eh, hako ni kafuko," akasema. "Iko mu kila mutoto ya kuku. Kuku ikikomaa, kanapoteaka."

Muzungu karibu aanguke. Yeye alikuwa amesoma miaka mingapi ili ajue hilo! Kumbe kwao kifuko kile kina jina la Mwitaliano fulani wa zamani, kana kwamba yule bwana ndiye aliyekitengeneza na kuwagawia kuku wa dunia nzima.

Na wamama wangekosaje kujua? Kwetu, wanawake wa zamani hawakula kuku. Walimkimbiza, walimchinja, walimnyonyoa, walimpasua, walimpika, wakamweka mbele ya wanaume, halafu wakaenda kula sombe yao, majani ya muhogo, kando ya moto. Firigisi ilikuwa ya baba mwenye nyumba, na ole wako ikosekane. Matokeo yake, waliomjua kuku ndani ni wale wasiomla, na waliomla hawakujua hata mlango wake uko upande gani. Mimi nilimla, tena bila kutubu, lakini nilimla jikoni, mgongo umeelekea mlangoni.

Muzungu alinifundisha kazi ya kafuko. Ndimo zinamojifunza zile chembe za damu ambazo baadaye zitatambua ugonjwa na kutengeneza dawa ya mwili ya kupigana nao. Ukichanja kifaranga, chanjo yenyewe haiponyi chochote. Inauonyesha mwili sura ya adui, basi. Mwili ndio unaokumbuka. Sasa kuku ambaye hakupata kafuko, utamwonyesha adui, hatakumbuka kitu. Utamchanja leo, kesho, keshokutwa, ni kama umemtia machozi.

Na kinachokausha kafuko ni homoni, hasa ile ya kiume. Kuku anapokaribia ukubwa, homoni zake zinapanda, kafuko kananyauka kenyewe polepole, na hakuna ubaya, maana kazi yake imekwisha. Ubaya ni homoni ikija kabla ya wakati. Muzungu alichukua mayai yenye siku tatu ndani ya kuvezi, ile mashine ya kuangulia, akayachovya kwa sekunde chache katika spiriti iliyochanganywa na homoni ya kiume. Vifaranga walitoka wazima, macho makavu, wanakula vizuri. Ukiwapasua, kafuko hakuna. Alikuwa akifanya hivyo kwa mayai machache, kwa makusudi, ili ajue bila kafuko mwili unashindwa nini. Vifaranga wale aliwafungia chumba cha peke yao na hakuwaruhusu wachanganyike na wengine. Halafu mambo ya nchi yakabadilika, wazungu wakafunga masanduku, naye akaondoka na kitabu chake. Chupa aliziacha ndani ya frigo.

Direkta akazikuta.

Siku hiyo alikuwa amepata habari kwamba mukubwa mmoja kutoka Kinshasa atatutembelea baada ya miezi michache. Sasa, kwetu mgeni wa heshima anapewa jogoo. Ukimpa mukubwa jike, umemtukana yeye na mama yake. Na huyo asingekuja peke yake. Angekuja na msafara, na kila abakosti katika msafara ilihitaji jogoo wake wa kubeba kwenda nao. Direkta akasimama mbele ya frigo ameshika chupa, anasoma karatasi iliyobandikwa juu yake kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Homoni. Ya. Kiume. Nikaona uso wake unang'aa. Mama yangu, nilijua tumekwisha.

"Mayai yote," akasema. "Utaiingiza yote mu hii dawa. Nataka majogoo tupu."

"Direkta, hii haigeuzake jike kuwa jogoo. Jogoo na jike inapangwa tangu mu yai, mbele dawa ifike. Hii inaua kafuko. Bila kafuko vaksen haishike, batoto ya kuku batakufa."

"Kafuko gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, na picha nikamchorea. Akanisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akauliza swali ambalo alilifurahia kiasi cha kulirudia kwa watu wote wiki nzima.

"Weye, kwenu banamuke banakulaka kuku?"

"Hapana, Direkta."

"Basi unajua nini ya kuku?"

Akacheka. Karani wake akacheka. Dereva, ambaye hakusikia hata swali, akacheka pia. Kisha akaniambia kwamba kukataa kazi kuna jina lake, na jina hilo halipendezi katika faili ya binti mdogo.

Nikachovya. Sitajipamba hapa. Kwa mikono yangu hii, trei baada ya trei, nikachovya mayai yote ya kuvezi mbili, na spiriti ikanichoma nyufa za vidole. Jioni nilimwambia papa. Alichokonoa kiatu chake kilichojaa matope ya Kadutu.

"Amri iko amri," akasema. "Mie nitachanja vizuri. Labda Mungu atasaidia."

Mungu alisaidia upande wake: alituletea majogoo nusu na majike nusu, kama alivyopanga tangu uumbaji. Lakini dawa iliwapa hata majike vishungi vyekundu mapema, na Direkta hakuhitaji ushahidi zaidi. Alileta watu kutoka mjini kuja kuona. "Tazama taji! Tazama!" Papa alipita nyuma yao na thermos yake, tone jichoni, anangoja, kinapepesa, anachukua kingine. Alichanja mara ya kwanza, akarudia wiki ya nne. Yaliyobaki akayapeleka Kadutu kama kawaida yake.

Na bado wangeweza kuishi kidogo, maskini, kama Direkta angetulia ofisini. Hapana. Kwa ajili ya karamu ya kujipongeza alituma gari mpaka soko la Minova kununua kuku wa kienyeji, na kuku wale akawaweka kwenye banda lililopakana na vifaranga wetu. Nilimwambia hilo nalo. Aliniuliza kama sasa nimekuwa pia daktari wa Minova. Kuku wale walikuja na pesti. Ndani ya wiki moja vifaranga wetu walianza kuhema midomo wazi, mavi ya kijani, shingo zimepinda zinatazama mgongoni. Tulikuwa tunawaondoa kwa karai. Papa alisimama katikati ya banda, anageuza geuza thermos mikononi kama inayovuja. Sijapata kumwona mtu mzima ameaibika vile kwa kosa ambalo si lake.

Pesti ikashuka mpaka Kadutu, nafikiri kwa viatu vyetu wenyewe. Huko ikapita nyumba kwa nyumba. Lakini kuku waliotiwa matone ya papa, wa mama na wa majirani, walibaki wazima wanafukua fukua taka. Direkta alipoambiwa hilo, aliruka kwa furaha. Hatimaye alikuwa amepata mwizi! Kuku wa Muzee wako hai, kuku wa Taifa wamekufa: basi Muzee ameiba chanjo ya Taifa, ameiuza mjini, na vifaranga wa kituo amewatia maji. Akaandika barua ndefu. Siku ya Alhamisi komite ingetoka mjini kumsikiliza papa, na jandarme, askari mwenye pingu, angekuja pamoja nao, ili wasirudi na nafasi tupu garini.

Papa alipigiwa magoti na mama akimbie Nyangezi kwa kaka yake. Alikataa. Alisema mtu aliyechanja miaka ile yote hakimbii, jina lake ndilo mali pekee aliyonayo. Nilimwambia, papa, usiogope, Alhamisi nitawaonyesha kafuko. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilifikiri ukiwa na ukweli mkononi, kilichobaki ni kufungua kiganja.

Komite ilikuwa watu watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Walikaa katika chumba chetu cha kulia. Nilikuja na vifaranga wawili hai, umri mmoja: mmoja wa kituo, katika wale wachache waliobaki, na mmoja aliyeanguliwa na kuku wa mama. Nikawaambia: thermos moja, siku moja, mkono mmoja. Nikawachinja mbele yao na kuwapasua mezani, juu ya gazeti. Katika kifaranga cha mama nikainua kafuko kwa ncha ya kisu, kameiva vizuri, kamenenepa kama karanga. Katika kifaranga cha kituo nikaonyesha pale pale.

"Siione kitu," akasema mwenyekiti.

"Njo vile, sitwayen," nikasema, maana enzi zile hakuna aliyeitwa bwana. "Kangekuwa hapa. Hakako."

Wakatazamana. Wanaume watatu wazima, waliokula kuku tangu meno ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kama ninadanganya. Direkta akasema kwamba binti huyu analeta hadithi za utumbo. Nikaomba aitwe mama wa jikoni. Direkta akaruka: mwanamke asiyekula kuku ataieleza komite nini? Mwenyekiti akainua mkono, yule mama wa jiko akaingia anajifuta kwenye kitenge. Hakutazama hata mtu. Alipitisha kidole katika kifaranga cha kwanza, halafu cha pili, akarudi tena cha kwanza.

"Huyu iko nako," akasema. "Huyu hana. Na haikukatwa, hapa hakuna kidonda. Tangu hii dawa ya mayai ifike, yote tunapasua iko hivi. Tulisema. Hakuna mutu alituuliza."

Ah, nilivyofurahi! Nilimtazama Direkta, jasho limelowesha kola ya abakosti, na nilimdharau kwa moyo wote, kwa raha, kama mtu anayekula muwa. Papa kwenye benchi yake aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mwenyekiti akageuza kalamu vidoleni, na nikaona ameelewa. Kila kitu. Hakuwa mjinga hata kidogo, na hapo ndipo palikuwa na hatari.

"Sawa," akasema. "Kafuko kameuliwa na dawa. Mayai, nani aliingiza mu dawa?"

"Mie."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya Direkta."

"Barua ya amri iko wapi?" akauliza Direkta, upesi, kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni.

Barua! Nani aliwahi kuona amri ya kijinga ikiandikwa? Nilimtazama karani, karani akatazama dirisha. Nilimtazama dereva. Wote waliocheka siku ile walikuwa wamepoteza kumbukumbu. Mama wa jikoni akasema alisikia, lakini alikuwa ameshaambiwa atoke. Mwenyekiti alinitazama muda, kwa huruma kidogo, naapa ilikuwa huruma. Alihesabu kichwani: upande huu direkta wa Chama aliyewekwa na watu wakubwa, upande huu binti wa labo mwenye harufu ya spiriti. Akafungua ukurasa mpya, akaniomba jina langu kamili, na jina la muzungu niliyefanya naye kazi. Mmoja wa wenzake akalitamka neno lenyewe, lile la kuharibu mali ya Taifa kwa makusudi, polepole: sabotaji.

Wizi wa chanjo ulikuwa kasho, mahabusu ya mtaani, na fimbo kadhaa. Sabotaji, tena ya kuku wa mgeni kutoka Kinshasa, na muzungu ndani yake, ilikuwa kitu kingine. Watu walipelekwa kwa ajili ya neno lile na mama zao hawakuambiwa wapi. Ulimi wangu mrefu, ulioshindana na Direkta miezi yote, haukupatikana mahali popote.

Papa akasimama.

"Njo mie," akasema.

Mwenyekiti akageuka.

"Huyu mutoto anadanganya, anataka kuniokoa tu. Dawa yake haina shida. Mie niliuzisha vaksen. Batoto ya kuku niliwatia maji." Aliweka thermos mezani, kando ya vifaranga. "Andika."

Nikafungua mdomo. Alinitazama mara moja tu, jinsi alivyonitazama nilipokuwa mdogo nikichezea kanisani, na mdomo ukafungwa. Kila mtu chumbani alijua ni uongo. Mwenyekiti alijua, mama wa jikoni, aliyekuwa bado mlangoni, alijua, Direkta alijua kuliko wote, na yeye ndiye aliyetoa kalamu yake mwenyewe, nzuri, ya wino, ili papa atie sahihi. Jandarme akamshika kwapa, palepale alipozoea kubeba chanjo.

Alitoka kasho baada ya wiki nyingi, amekonda, sikio moja halisikii. Majirani zetu Kadutu, ambao kuku wao walikuwa hai kwa matone yake, ndio waliokuwa wa kwanza kumwita mwizi wa vaksen, na watoto wao wakaimba. Hakuwahi kuwajibu, wala hakushika tena kuku. Mimi sikuwahi kusema kitu kwa mtu yeyote. Ningesema, uongo wake ungekuwa bure. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na kwa sehemu ni kweli.

Sehemu nyingine ni hii. Jumatatu ile, siku nne baada ya kumpeleka, nilipanda gari la kituo kama kawaida. Direkta alikuwa amesimama mlangoni pa labo, ananingoja, anataka kuona nitasema nini. Nilikuwa na maneno ya kumtosha mpaka leo.

"Bonjour, Direkta," nikasema.